Barua ya wazi: nani anayakagua makopo wanayouziwa wazee wetu?

Shikamooni wakubwa. Barua hii ni ya Waziri wa Afya, wakurugenzi wa TMDA wanaosimamia dawa na vifaa tiba na TBS wa viwango, Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, na TCRA wa mawasiliano pia maana matangazo ya redioni yako chini yenu. Nimewaandikia wote kwa mpigo makusudi kabisa, na sababu mtaiona huko mbele.

Mimi ni mtoto wa tatu wa mwalimu mstaafu. Mama ana miaka 71, kafundisha shule za msingi vijijini Tanga hadi alipostaafu, na sasa anaishi Korogwe kwenye nyumba aliyoijenga kidogo kidogo, bati leo dirisha mwakani. Ana presha, ana sukari, na goti la kulia limesagika. Vidonge vyake vya kliniki alikuwa hakosi, ana daftari la kurasa za mraba anaandika tarehe, saa na kipimo cha sukari kwa ule mwandiko wa ubaoni, ukilifungua unaona miaka sita ya mtu anayejitunza. Kilichokuwa kinamuuma kuliko hata goti lenyewe ni kuswali kwenye kiti. Kiti cha plastiki cheupe kinawekwa juu ya mswala, wenzake wakisujudu yeye anainamisha kichwa tu. Hakuwahi kulalamika lakini kila nikienda likizo naona macho yake yakienda chini pale kwenye mkeka.

Mwaka jana kikoba chao kikapata wageni, wadada wawili na kijana mmoja wamevaa fulana zinazofanana, wamekuja kutoa semina ya afya bure. Mama anasema walikuwa na adabu sana, walimwamkia kila mtu mmoja mmoja, wakagawa maji ya chupa, wakawapima presha kwa mashine ya kawaida kabisa. Alafu ndo ikatoka laptop na kile kifimbo cha chuma. Unakishika mkononi kama dakika moja, kompyuta inachora michoro ya rangi, inatoa ripoti ya kurasa ishirini na kitu: ini lina mafuta, figo zimechoka, mishipa imeziba kiasi, mwili una sumu, ute wa magoti umekauka. Kila mama alitoka pale na ugonjwa wa kwenye karatasi. Na kila karatasi dawa yake ilikuwa kwenye lile begi walilokuja nalo.

Mama aliuziwa makopo matatu, dozi ya mwezi mmoja, laki 2 na 85 elfu. Kopo la goti, kopo la kusafisha damu, kopo la "kurudisha ujana wa seli". Risiti hakupewa, alipewa namba ya wasapu.

Sasa naomba mnielewe hapa, maana watu wengi wakisikia hizi stori wanasema wazee wanapenda kudanganywa. Hapana. Kopo la goti lilifanya kazi! Siku ya nne maumivu yakapungua, siku ya nane akanipigia simu baada ya Alfajiri, sauti inatetemeka, akaniambia "mwanangu, leo nimesujudu." Nikiwa kitandani Dar nililia. Nilimtumia hela ya dozi ya pili siku hiyo hiyo, mimi mwenyewe, kwa simu yangu, na sijawahi kutuma hela kwa furaha kama ile.

Mwezi wa pili majirani wakaanza kumwambia kapendeza, kanenepa. Uso ukawa wa duara, umejaa mashavuni mpaka macho yanaonekana madogo, lakini miguu na mikono imebaki vilevile myembamba. Akijigonga kidogo tu mlangoni anatoka bonge la doa jeusi mkononi. Anakula sana, hapati usingizi. Na lile daftari, sukari iliyokuwa inacheza kwenye 8 na 9 ikapanda 14, ikapanda 19, kuna siku kaandika 22 akapiga mstari chini yake mara mbili. Akamuuliza yule dada wa wasapu, akajibiwa ndo sumu zinatoka mwilini, avumilie, na aache kwanza dawa za hospitali kwa sababu zinagongana na virutubisho. Akaacha. Metformini ya sukari akaacha, ya presha akaacha. Mwalimu wa watu, mtu mwenye daftari.

Mwezi wa nne hela ikakata na mzigo nao ukawa haujafika. Siku tano bila lile kopo mama hawezi kuinuka kitandani, anatapika, jasho baridi, mdogo wangu anasema alikuwa anamwita anaitika kwa mbali kama mtu aliyeko chumba cha pili. Wakambeba kwenye bajaji. Presha 80 kwa 50. Na mtu huyu ni mgonjwa wa presha ya kupanda!

Aliyemwokoa ni dokta mmoja kijana, bado anaonekana kama wa juzi tu chuoni. Hakuanza na kalamu, alimshika mama shavu, akaangalia yale madoa mikononi, akauliza swali moja tu: "Bibi anatumia kitu gani kingine nje ya dawa zetu?" Mdogo wangu akamtajia kopo. Dokta akasema dalili zote ni za mtu aliyetumia steroidi, dawa kali ya homoni inayozima uvimbe na maumivu, kwa muda mrefu alafu akaikatisha ghafla, mwili unakuwa umeshazoea kuletewa kutoka nje na tezi zake zimelala, hazijaamka bado. Wakamwekea haidrokotizoni, steroidi ya hospitali, kwenye dripu, jioni ile ile presha ikaanza kupanda, kesho yake akaomba uji. Kurudi sawa sawa kulichukua miezi, anapunguziwa dozi robo robo.

Kwenye lebo ya lile kopo hakuna steroidi. Nimeisoma na miwani na nimeipiga picha nikaikuza. Kuna glukosamini, kuna manjano, kuna tangawizi, kuna "dondoo ya mimea 12". Kopo hilo halijapimwa na mtu yeyote kwenye maabara, na hapo ndipo penye barua yangu.

Haya mambo duniani sio mageni. Mwaka 2022 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilitoa maonyo ya wazi kuhusu vidonge vya maumivu ya viungo vilivyokuwa vinauzwa kama virutubisho vya asili, walipovipima maabara wakakuta deksamethazoni na diklofenaki ndani, na hakuna hata moja iliyoandikwa kwenye lebo. Diklofenaki ni dawa ya maumivu, deksamethazoni ni steroidi kali. Inaondoa maumivu haraka kweli, mtu anasimama anatembea, anashuhudia kwa wenzake. Ndo maana biashara hii inajiuza yenyewe, shuhuda ni wa kweli na machozi yake ni ya kweli. Kinachokuja nyuma ni sukari kupanda, presha, mifupa kuwa laini kama chaki, kinga kushuka, na akiacha ghafla anaweza kufa. Kwa mzee mwenye sukari na presha tayari hiyo ni kama kumsukuma ngazini.

Sasa nirudi kwenu na kwa nini nimewaandikia wote. Mwaka 2019 sheria ya fedha ilibadilisha mambo, vyakula na vipodozi vikahamia TBS, TFDA, ile mamlaka ya zamani ya chakula na dawa, ikawa TMDA ikabaki na dawa na vifaa tiba. Dawa za asili zina Baraza lake kwa sheria ya mwaka 2002. Sawa. Lakini chukueni hilo kopo mkononi mlitazame. Limeandikwa kirutubisho, kwa hiyo ni chakula. Muuzaji anasema linatibu goti, presha na sukari, kwa hiyo kwa maneno yake ni dawa. Lebo inasema mimea 12, kwa hiyo ni tiba asili. Limetangazwa redioni saa mbili asubuhi kwenye kipindi cha afya, kwa hiyo ni tangazo. Kile kifimbo nacho kimekuja kama kipimo, kwa hiyo ni kifaa tiba. Kitu kimoja kinagusa milango mitano, na mimi mtoto wa mgonjwa nimeulizia sehemu tatu nikaelekezwa ya nne. Kila niliyeongea naye alikuwa mstaarabu, kila mmoja aliniambia hapo sio kwetu.

Ninachoomba kwanza kabisa ni mlango mmoja. Namba moja ya simu, mtu anatuma namba ya kwenye kopo anajibiwa hapo hapo limesajiliwa au halijasajiliwa, na kama limesajiliwa limesajiliwa kama nini. Kwa simu ya kitochi, sio lazima intaneti, maana wengi wanaouziwa hawana simu janja. Alafu hao watu wa kutoka kwenu wakanunue haya makopo ya magoti, ya nguvu, ya kupunguza tumbo, wayanunue mtaani kama wateja, sio yale ya sampuli aliyoleta mwenye kampuni, wayapime steroidi na dawa za maumivu, majibu yatangazwe kwenye redio zile zile. Muuzaji anayemwambia mgonjwa aache dawa za hospitali asichukuliwe kama mfanyabiashara aliyekosea lebo. Huyo anatibu bila leseni.

Kuhusu ile mashine sina la kuzunguka. Mwezi uliofuata nilikwenda kwenye semina yao nyingine na mdogo wangu, kijana wa miaka 29 anacheza mpira kila Jumapili. Akapimwa, figo zimechoka na kalsiamu imeshuka. Tukatoka nje tukanywa soda, tukarudi akapimwa na mwenzake mwingine kwenye meza ya pili, figo safi ila kongosho lina shida. Dakika kama ishirini zimepita. Kushika chuma mkononi hakuwezi kumwambia mtu hali ya figo zake, figo zinapimwa kwa damu na mkojo. Kama kifaa hicho hakina kibali kikusanywe, kama kina kibali naomba mtuambie wananchi kilipewa kwa ushahidi gani.

Na kuna neno moja wanalitumia sana, "imepitishwa na FDA ya Marekani." Wazee wakisikia Marekani wanatulia. Kwa sheria ya Marekani wenyewe ya mwaka 1994, virutubisho haviidhinishwi na FDA kabla ya kuingia sokoni, kampuni ndo inabeba jukumu na serikali inafuatilia baadaye tatizo likitokea. Kwa hiyo kirutubisho kinachojisifia hivyo kinadanganya tayari kabla hata hujafungua kifuniko. Hilo TCRA mnaweza kulizuia redioni kesho asubuhi.

Sisemi virutubisho vyote ni uongo na sitaki mtu asome hivyo. Mzee anayetumia metformini miaka mingi anaweza kupungukiwa vitamini B12, akaanza kufa ganzi miguuni, kusahau, kuchoka, na watu wakasema uzee. Hiyo inapimwa na kuongezewa, na ni rahisi. Mwenye upungufu wa vitamini D aliyepimwa apewe. Lakini kumeza tu ili usizeeke ni habari nyingine. Kuna utafiti mkubwa ulifanyika Marekani unaitwa VITAL, watu 25,871, wanaume kuanzia miaka 50 na wanawake kuanzia 55, wakapewa vitamini D na omega 3 au vidonge vitupu wakafuatiliwa kama miaka mitano, na saratani au mshtuko wa moyo na kiharusi kwa ujumla havikupungua kwa kiasi cha kuhesabika. Huko Finland nako miaka ya nyuma waliwapa wavuta sigara betakarotini, ile ya kwenye karoti inayogeuka vitamini A mwilini, wakiamini itawakinga, matokeo yakatoka 1994, waliopewa ndo walipata saratani ya mapafu zaidi, kwa asilimia 18. Kidonge cha vitamini nacho kina kazi ndani ya mwili, sio maji. Mzee figo na ini lake havina kasi ya zamani, ana dawa nyingine tatu nne anameza, potasiamu ya ziada kwa mtu wa losatani ya presha inaweza kusimamisha moyo, mmea wa gingko kwa mtu wa wafarini ya kuzuia damu kuganda unaweza kumtoa damu. Nani anayajua haya pale kwenye semina ya kikoba?

Tena kinachoniuma ni ile laki 2 na 85 elfu kwa mwezi. Mwili ukizeeka misuli inapungua, hicho ndo kinachomwangusha mzee bafuni, na misuli inataka protini na kutumika. Kwa hela ile mama angekula yai kila siku, maziwa, maharage, dagaa wa kukaanga wale wanaoliwa na mifupa yao yote ambao ni kalsiamu tupu, mchicha na majani ya mlonge yapo hapo hapo uani kwake, na bado ingebaki nauli ya kliniki miezi sita. Badala yake mwezi ule wa tatu nilikuta anakula ugali na mboga peke yake ili hela ya kopo itimie. Alinificha. Niliona mwenyewe nilipofungua kabati la jikoni.

Nimejiuliza sana kwa nini mtu mwenye akili kama mama aliwaamini wale kuliko hospitali. Nikamuuliza mwenyewe, tumekaa barazani. Akasema yule dada alimshika goti. Alikaa naye karibu saa nzima, akamuuliza linauma ukiwa unafanya nini, akamsikiliza mpaka kwenye habari ya kusujudu. Kliniki ni dakika nne, nazo kazipata baada ya kusubiri toka saa 12 asubuhi. Dirisha la wazee lipo, tunashukuru, linamfikisha mbele ya foleni, lakini akishafika mezani bado ni zile dakika nne, na miaka sita hakuna aliyewahi kumwambia goti lililosagika lina mazoezi yake. Hata siwalaumu manesi, naziona foleni.

Kwa hiyo Mheshimiwa Waziri hili ni lako. Kila kliniki ya presha na sukari mzee aulizwe kila mara lile swali la yule dokta kijana, unatumia nini kingine, na aulizwe kwa upole maana akikaripiwa mara moja tu hatasema tena, na jibu liandikwe kwenye cheti. Madhara ya haya makopo yaripotiwe kama yanavyoripotiwa ya dawa. Na mtuletee wataalamu wa mazoezi tiba huku wilayani, hata siku mbili kwa mwezi. Sera ya Taifa ya Wazee ipo toka 2003, dunia nzima imeutenga muongo huu wa 2021 mpaka 2030 kuwa wa kuzeeka kwa afya, na kwa mama yangu kuzeeka kwa afya maana yake ni goti.

Mazoezi kayapata kwa kubahatisha, yule dokta alimwelekeza kwa mtu anayemfahamu. Anakaa kitandani, taulo limekunjwa chini ya goti, analikandamiza anahesabu mpaka tano anaachia, mara kumi asubuhi mara kumi jioni, alafu anainuka kwenye kiti bila kushika. Kayaandika kwenye lile daftari pembeni ya sukari. Sukari imerudi 9. Uso umepungua. Bado anaswali kwenye kiti, lakini wiki iliyopita kaniambia amejaribu kushuka akashuka nusu.

Ushahidi ninao. Kopo moja la goti la ule mzigo uliochelewa halijafunguliwa, la kusafisha damu limebaki na vidonge 11, nimeyafunga kwenye mfuko na ile ripoti ya mashine na picha za jumbe za wasapu. Nipo tayari kuja nayo kwa nauli yangu. Niambieni tu niyapeleke dirisha gani.